Fuvu kwenye fulana ya mtoto: historia ya maharamia tusiyosimuliwa



Mtoto wa dada yangu anasoma shule moja upande wa bara. Likizo iliyopita alivuka kuja Rukuba na mfuko wa fulana kumi za netiboli. Mwalimu wao wa michezo alizikuta kwenye belo la mitumba Musoma mjini, zote sare, bado nzima, akazinunua kwa bei ya kutupa. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuongeza mikono mirefu kwa wasichana wanaojisitiri. Nikaitandika moja mezani. Kifuani palikuwa na fuvu la mtu lililofungwa kitambaa kichwani, jicho moja limezibwa, na chini yake panga mbili zimepishana. Juu yake pameandikwa PIRATES. Mgongoni, jina la shule ya sekondari ya Marekani.

Shemeji yangu, baba wa mtoto, alikuwa anatoka kuswali Alasiri. Akasimama mlangoni akaitazama ile fulana.

"Hilo neno maana yake nini?"

"Maharamia, shemeji."

"Maharamia hawa hawa wa majini?"

"Hawa hawa."

Hakusema kitu kingine. Aliingia ndani. Wanaoishi visiwani wataelewa kwa nini. Msimu mmoja nyuma alivamiwa usiku akiwa kwenye dagaa, yeye na vijana wawili. Wakachukua injini, nyavu, taa na simu, wakawaacha na mtumbwi mtupu wapige makasia hadi asubuhi. Walirudi hai, alhamdulillahi. Lakini binti yake mkubwa alikuwa ameshaposwa, na vyombo alivyokuwa amepanga kumnunulia vilikuwa ndani ya ile injini, kwa maana ndiyo iliyokuwa ivizalishe. Harusi ilisogezwa mbele miezi minane.

Usiku ule sikushona. Nikabaki najiuliza ilikuwaje huko kwao haramia akawa pambo la mtoto wa shule. Haya ndiyo niliyoyapata kwa kusoma, nimeona niwaletee.

Kwanza neno lenyewe. Haramia limetoka kwenye Kiarabu, harami, yaani mwizi, na unaliona wazi lina undugu na haramu. Kiswahili hakikumwachia mtu huyu nafasi ya kujipamba. Ukimtaja tu, umeshamhukumu. Kwa Kiingereza neno limepoa, na mtoto wa miaka mitano anaweza kuvalishwa haramia kwenye sherehe na wazazi wakampiga picha. Sisi tukisema "mtoto wangu amevaa uharamia" watu watashtuka, na wana haki ya kushtuka.

Marekani kila shule na chuo kina jina la utani la timu zake na mnyama au mtu anayevaliwa kama kinyago uwanjani ili kuwachangamsha washangiliaji. Tai, dubu, simba, chui. Na wengi kweli kweli wamechagua haramia. Kisa kilichonisimamisha ni cha chuo cha East Carolina, mji wa Greenville, North Carolina. Kilianzishwa 1907 kufundisha walimu, na timu zake zilikuwa zinaitwa Walimu. Mwaka 1934 wanafunzi wa kiume wanamichezo wakaona jina hilo halina makali, wakalibadilisha. Wakajiita Maharamia, kwa sababu pwani ya jimbo lao ndipo alipojificha na kuuawa haramia Blackbeard mwaka 1718. Leo ni chuo kikuu kikubwa na jina lao ni hilo hilo.

Sasa shika mwaka huo, 1934. Mwaka huo huo, hapa Musoma, mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili kutoka Butiama aliingia kwa mara ya kwanza shule ya Mwisenge. Ndiye aliyekuja kuwa rais wetu wa kwanza, na cheo alichokipenda kuliko cha urais ni kile ambacho wale vijana wa Greenville walikiona kimechuja. Mwalimu.

Sisemi walikuwa watu wabaya. Vijana walitaka jina litakalomtisha mpinzani. Lakini huyo Blackbeard waliyemchukua, meli yake kubwa ilikuwa ya Kifaransa ya kubeba watumwa kutoka Afrika, aliyoiteka 1717. Watu weusi waliokuwa ndani hawakuachiwa huru kama katika filamu. Kwa haramia, binadamu aliyefungwa minyororo alikuwa shehena kama shehena nyingine. Na hapa kuna jambo limenichanganya hadi leo: chuo kikuu cha Hampton, Virginia, kilichoanzishwa 1868 kuwasomesha watu weusi waliotoka utumwani, nacho timu zake zinaitwa Maharamia. Seton Hall, chuo cha Kikatoliki kule New Jersey, nao vile vile. Inasimuliwa kwamba mwaka 1931 walishinda mchezo wa besiboli ugenini, mwandishi wa gazeti wa huko kwa hasira akawaita genge la maharamia, wao wakalipenda. Chuo cha dini!

Kwetu Afrika lipo pia. Orlando Pirates ya Soweto, iliyoanza 1937, ilichukua jina lake kwenye filamu ya mwaka 1940, na fuvu liko kwenye nembo yake mpaka leo. Kampala, ng'ambo ya ziwa letu hili hili, iko klabu ya raga inayoitwa Black Pirates. Mmoja wa wapinzani wao wakubwa mjini humo anaitwa Heathens, maana yake wasio na dini. Ukikaa ukafikiria, mechi ya maharamia na makafiri, mshangilie nani?

Lakini swali langu lilikuwa: haramia alipataje sura nzuri? Mtu anayemwacha mvuvi katikati ya maji usiku alipandaje hadi kifuani mwa mtoto? Kisa kinachojibu ni cha wanawake wa Kiislamu, na ndiyo sababu nimeona kinafaa kuandikwa hapa na si kwenye ukurasa wa michezo.

Mwezi Februari 1695, meli ya Kiingereza iitwayo Fancy ilitia nanga Nzwani, visiwa vya Komoro, mahali ambapo meli za Ulaya zilizoelekea India zilikuwa zikichukua maji, mbuzi na matunda kwa ndugu zetu wa huko. Nahodha wake Henry Every alikuwa ameiba hiyo meli kwa maasi mwaka mmoja nyuma. Pale Nzwani aliacha barua kwa manahodha wa Kiingereza akiwaambia wasimwogope, yeye hajawahi kumdhuru Mwingereza. Maana ya barua hiyo ni kwamba wengine wajiangalie.

Kisha akapanda kaskazini hadi mlango wa Bahari ya Shamu akasubiri mahujaji. Alijua msimu. Kila mwaka meli za India zilikuwa zinawapeleka watu Hija na kurudi, zikibeba pia fedha na dhahabu za biashara ya Mocha. Mwezi Septemba akaipata meli kubwa kuliko zote, Ganj-i-Sawai, mali ya mfalme Aurangzeb mwenyewe, ikirudi Surat. Ilikuwa na mizinga mingi na askari, lakini mzinga mmoja ukapasuka sitahani ukaua watu wake yenyewe, na moyo wa askari ukavunjika.

Meli ile ilikuwa na wanawake waliotoka Makka. Wengine wazee, wengine wa jamaa za watu wakubwa. Maharamia walikaa juu ya meli hiyo siku kadhaa. Mwanahistoria wa Kihindi Khafi Khan, aliyekuwa Surat miaka ile, ameandika kwamba wanawake wale walivunjiwa heshima, na kwamba wapo waliojitupa baharini na wapo waliojichoma visu. Na si Waislamu peke yao waliosema. Hata barua na ushahidi wa Kiingereza wa wakati ule unakiri kwamba mambo mabaya yalifanyika. Mahujaji, dada zangu. Watu ambao majumbani kwao walikuwa wanasubiriwa kwa maji ya zamzam na tende.

Aurangzeb alikasirika, Waingereza wa kampuni ya biashara kule Surat wakatiwa pingu, na serikali ya London ikatangaza zawadi kwa atakayemkamata Every. Hakukamatwa. Baadhi ya watu wake walikamatwa. Mmoja, John Dann, alipatikana Rochester mwaka 1696 baada ya mtumishi wa kike wa nyumba ya wageni kuona koti lake ni zito kupita kiasi. Dhahabu ilikuwa imeshonewa ndani ya bitana. (Mimi kama fundi nilicheka. Ukishona dhahabu kwenye bitana usimwachie mwanamke koti alifue.) Watano walinyongwa London mwezi Novemba mwaka huo. Baraza la kwanza la wazee wa mahakama lilikuwa limewaona hawana hatia kwa kosa la kuwapora mahujaji, ikabidi washtakiwe upya kwa kuiba meli ya Mwingereza. Hilo ndilo lililowapeleka kitanzini.

Sikiliza kilichofuata. Haikupita miaka ishirini, Uingereza yakaanza kuandikwa masimulizi kwamba ndani ya meli ile alikuwamo binti mfalme wa Kihindi, kwamba nahodha alimpenda, akamuoa kwa ridhaa yake, wakaenda kutawala Madagaska kama mfalme na malkia. Mwaka 1712 ikachezwa tamthilia London yenye jina linalomsifu haramia aliyefanikiwa. Hakuna ushahidi wa ndoa yoyote. Hakuna binti mfalme aliyekwenda Madagaska. Watu walichukua mateso ya mateka wakayavika shela.

Mimi nashona nguo za mabibi harusi. Ninajua harusi ina nini: walii, mashahidi, mahari yaliyotajwa, na binti aliyeulizwa akajibu, au akanyamaza kwa haya huku kila mtu chumbani anajua kunyamaza kule kunasema nini. Yule wa kwenye meli hakuulizwa. Kumwita bibi harusi ni kumuibia mara ya pili. Na kutoka hapo barabara ilikuwa nyepesi: kile kitabu cha watoto cha Stevenson mwaka 1883, chenye kisiwa na hazina, kisha michoro, kisha tamthilia za watoto, kisha filamu, na kufikia 1934 haramia alikuwa kijana mwenye kofia nzuri anayefaa kuongoza timu ya mpira. Waliodhulumiwa hawakuwamo kwenye picha.

Komoro hawakusahau. Karne moja baada ya Every walikuja maharamia wengine, safari hii kutoka Madagaska, kwa mitumbwi mingi mikubwa, wakikamata watu wa kuuza utumwani. Waliipiga Nzwani, Ngazidja, na mashambulizi yao yalifika hadi pwani ya kwetu. Watu wa Mafia wanakumbuka kuvamiwa kwa mji wa Kua, ambao magofu yake bado yapo kisiwa cha Juani. Kule Ikoni, Ngazidja, inasimuliwa kwamba mwaka 1805 wanawake walipoona mji unachukuliwa walipanda jabali lililo juu ya bahari wakajirusha wasichukuliwe. Siwahukumu. Wamo kwa Mola wao, anajua hofu waliyokuwa nayo kuliko sisi tunaosoma tukiwa tumekaa salama. Nawataja kwa sababu Wangazija wanalitaja jabali lile hadi leo kwa ajili yao, wala hawajawahi kuwaita wavamizi wale mashujaa.

Lazima niweke na upande wa pili nisije nikawadhulumu watu. Jina haramia limewahi kutupiwa wasiostahili. Waingereza waliita pwani ya Ras al-Khaimah na Sharjah Pwani ya Maharamia, wakaichoma miji ya Waqawasim 1809 na tena 1819, halafu 1820 wakawatia sahihi mkataba. Mtawala wa Sharjah, Sheikh Sultan bin Muhammad Al-Qasimi, alitoa kitabu 1986 akipinga kwamba babu zake walikuwa maharamia. Kwake ilikuwa vita ya biashara na mwenye nguvu ndiye aliyeandika majina. Wengi wenu mna ndugu Dubai na Sharjah, na miji wanamoishi iko kwenye pwani hiyo hiyo. Kwa hiyo kabla ya kumwita mtu haramia tuangalie nani anasema. Ila aliyechukua injini ya shemeji yangu sihitaji kitabu kunieleza.

Sisi shule zetu hazina vinyago. Zina nembo, kaulimbiu, wimbo wa shule, mchakamchaka wa alfajiri na nyumba za kushindana zenye majina ya Mirambo, Kinjekitile, Kawawa. Anayekumbuka UMITASHUMTA anakumbuka kuimba hadi sauti inakauka kwa ajili ya shule ambayo choo chake hakikuwa na mlango. Ari ile haikuhitaji fuvu. Majina ya timu zetu nayo yanachekesha ukiyatazama kwa jicho hili. Zanzibar mabingwa wa mara nyingi ni KMKM, timu ya kikosi cha kuzuia magendo, yaani wale wanaowafukuza maharamia! Na Mara kwetu timu iliyopanda Ligi Kuu 2018 ni Biashara United, ambayo kabla ya hapo iliitwa Polisi Mara. Polisi, kisha biashara. Mvuvi yeyote wa Rukuba atakwambia vinafuatana kwa mpangilio huo huo, maana bila wa kwanza wa pili haupo.

Maana dada zangu, hapa si mambo ya vitabuni. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa. Taa hizo ndizo zinazowaita dagaa na ndizo zinazomwonyesha mwizi mahali ulipo. Hakuna pa kujificha. Mke anayelala pwani anaziona taa mbali kama mji mdogo juu ya maji, na moja ikizimika kabla ya wakati anakaa kitandani akisubiri Alfajiri iingie ahesabu mitumbwi inayorudi mwaloni.

Kila Ijumaa tunasoma Suratul Kahf. Wengi wetu tunapita haraka kwenye kile kisa cha Mussa na mja mwema aliyetoboa mashua. Mussa alishangaa: umeitoboa uwazamishe? Baadaye akaelezwa kwamba mashua ile ilikuwa ya maskini wanaofanya kazi majini, na nyuma yao kulikuwa na mfalme anayechukua kila chombo kwa nguvu. Akaitia kasoro isitamanike. Nilimsomea shemeji aya hiyo usiku ule. Akasema, "Basi huyo mja alikuwa anajua bei ya injini." Ndiyo mara ya kwanza kumwona anacheka kuhusu jambo lile. Kilichonigusa mimi ni kwamba Allah amewataja wenye mashua kwa umaskini wao na kazi yao, na yule mnyang'anyi, pamoja na ufalme wake, hakupewa hata jina.

Na majina yana uzito katika dini yetu. Imepokewa kwamba binti mmoja aliitwa Asiya, yaani muasi, Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, akambadilishia akamwita Jamila. (Akina Asia wasinipigie simu. Asia mke wa Firauni jina lake huandikwa kwa alifu na sini, lile la muasi ni kwa ayn na swadi. Lenu ni zuri, libakie.) Kama jina la mtu mmoja lilistahili kubadilishwa, sembuse jina wanaloliimba wasichana kumi uwanjani.

Asubuhi nilimwita mtoto nikamsimulia yote, kasoro yale ya melini ambayo nilimweleza kwa kadiri ya umri wake. Nilidhani atakasirika kwa ajili ya fulana. Akauliza swali moja tu.

"Mama mdogo, wale wanafunzi wa Marekani wanajua?"

Nikamwambia wengi hawajui, kama wewe ulivyokuwa jana.

Tukapiga simu kwa mwalimu wake. Mwalimu si Mwislamu, lakini kwao ni wavuvi, na hakuhitaji maelezo marefu. Alisema pesa ya kununua nyingine haipo, na mimi nikasema nguo ni nzuri, kasoro iko kifuani tu. Nilikuwa na mabaki ya satini ya krimu ya gauni la harusi, ile ile ya binti aliyesogezewa harusi mbele, yametosha kukata viraka kumi vya duara. Nimeshona kushoto kulia mara mbili ili visibanduke wakifua. Fulana mbili fuvu linaonekana kidogo chini ya kitambaa ukiliweka juani, nitaongeza bitana.

Jina jipya hawajakubaliana. Nusu ya timu inataka Sangara, nusu inasema sangara ananuka. Mtoto wa dada yangu amependekeza Walimu, wenzake wamemcheka sana. Mwalimu amesema waamue kabla ya Alhamisi, maana rangi ya kuandikia ameshainunua na boti inaondoka Rukuba saa moja asubuhi.